Urais wa Marekani na Kitanda cha Uzazi

Agosti 2009, Barack Obama akiwa ameshakaa Ikulu ya Washington zaidi ya miezi sita, wakili mmoja wa California aliwasilisha mahakamani karatasi aliyodai ni nakala ya cheti cha kuzaliwa cha rais huyo, kilichotolewa Kenya. Ukiitazama kwa mbali ilifanana na cheti. Ukiisoma, mambo yaliharibika juu kabisa: iliandikwa Jamhuri ya Kenya, na tarehe ya kutolewa ilikuwa Februari 1964. Mtoto wa shule ya msingi Kisumu au Malindi angeing'amua. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 ikiwa bado na Malkia wa Uingereza kama mkuu wa nchi, ikawa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964. Aliyeghushi alitangaza jamhuri miezi kumi kabla ya Mzee Kenyatta.

Karatasi ile haikuishi, lakini madai yaliyoizaa, kwamba Obama alizaliwa Mombasa, yaliendelea kuzunguka. Mwaka 2011 Donald Trump aliyabeba kutoka studio moja ya televisheni hadi nyingine, mpaka tarehe 27 Aprili Ikulu ikalazimika kutoa cheti kirefu cha Hawaii, chenye jina la hospitali na sahihi ya daktari. Trump alikuja kukiri kwamba Obama alizaliwa Marekani Septemba 2016, mwenyewe akiwa mgombea.

Kelele zile ziliwaacha watu wakiamini mojawapo ya mambo mawili: ama swali la nani ni raia wa kuzaliwa ni chuki tu iliyovikwa joho la sheria, ama ni fumbo lisilo na mteguzi. Sikubaliani na lolote kati ya hayo. Sehemu kubwa ya swali ilijibiwa tangu karne ya 19. Sehemu ndogo iliyobaki ni ngumu kweli, na haikumgusa Obama hata kidogo. Iliwagusa John McCain na Ted Cruz, waliowania urais mwaka 2008 na mwaka 2016, nao hawakuandamwa hata robo ya alivyoandamwa yeye.

Ibara ya Pili ya Katiba ya Marekani inataka rais awe ametimiza miaka 35, awe ameishi nchini miaka 14, na awe raia wa kuzaliwa, au awe alikuwa raia wakati Katiba inapitishwa. Hilo la mwisho waasisi walijiwekea wenyewe, kwa sababu wote walizaliwa wakiwa watu wa Mfalme wa Uingereza, na saba kati ya 39 waliotia sahihi hawakuzaliwa hata kwenye yale makoloni 13. Kwa hiyo kisa kinachosimuliwa sana, kwamba sharti lilitungwa kumfungia njia Alexander Hamilton mzaliwa wa kisiwa cha Nevis, hakina mashiko. Hamilton alikuwa raia tayari Katiba ilipopitishwa. Angeweza kugombea siku yoyote.

Sharti lenyewe lina historia fupi. Tarehe 25 Julai 1787 John Jay, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa kwanza, alimwandikia George Washington, mwenyekiti wa mkutano wa Philadelphia, akishauri wageni wazuiwe kuingia serikalini na uamiri jeshi mkuu usikabidhiwe mtu asiye raia wa kuzaliwa. Hilo la kuzaliwa alilipigia mstari. Septemba kamati ya wajumbe 11 ikaleta rasimu yenye sharti hilo, likapita bila mjadala wowote uliorekodiwa. Walichoogopa kinajulikana. Majira yale ulizagaa uvumi kwamba wajumbe wanapanga kumwita mtoto wa pili wa Mfalme George III aje awatawale, na mfano wa Poland, iliyozoea kuchagua wafalme huku mataifa jirani yakitia mkono, ulikuwa bado mbichi: nchi hiyo ilimegwa mwaka 1772. Ajabu ni kwamba hakuna aliyeona haja ya kueleza raia wa kuzaliwa ni nani.

Pengine waliona kila mwanasheria anajua. Walilelewa na sheria ya Uingereza, na sheria ya Uingereza ilikuwa na jibu tangu mwaka 1608, katika shauri la Calvin, mtoto aliyezaliwa Edinburgh baada ya mfalme wa Scotland kurithi pia kiti cha Uingereza. Majaji waliamua kwamba anayezaliwa katika ardhi ya mfalme na chini ya ulinzi wake ni mtu wa mfalme. Wazazi hawaulizwi, isipokuwa baba akiwa balozi wa nchi nyingine au askari wa jeshi lililovamia. William Blackstone alilirudia hilo miaka ya 1760 katika vitabu ambavyo mawakili wa makoloni walivisoma kuliko vingine vyote.

Wapo wanaosema waasisi walimsoma pia Emer de Vattel, Mswisi aliyeandika juu ya sheria ya mataifa mwaka 1758, na Vattel alisema wenyeji wa nchi ni waliozaliwa humo kwa wazazi raia. Hapo ndipo inapojengwa hoja kwamba baba na mama wa rais lazima wote wawe raia siku anapozaliwa. Inavutia ukiisoma haraka haraka. Ila Vattel aliandika kwa Kifaransa, na tafsiri ya Kiingereza yenye maneno yanayofanana na ya Katiba ilitoka mwaka 1797, miaka kumi baada ya Philadelphia. Tafsiri iliyokuwapo wakati wa mkutano haikuwa nayo. Isitoshe, Vattel mwenyewe katika sura hiyohiyo alisema Uingereza ina utaratibu wake, ambapo kuzaliwa tu nchini kunatosha kumpa uraia mtoto wa mgeni. Wanaomnukuu huwa wanaishia mistari michache kabla ya hapo.

Kanuni hiyo ya ardhi ilikuwa na doa kubwa: watu weusi hawakuhesabiwa. Mwaka 1857, katika shauri la Dred Scott, Mahakama ya Juu iliamua kwamba wazao wa Waafrika, walio utumwani na walio huru, hawawezi kuwa raia hata wakizaliwa Marekani vizazi na vizazi. Ilibidi vita vya wenyewe kwa wenyewe vipiganwe, ndipo mwaka 1868 Marekebisho ya 14 yakaandika kwamba kila anayezaliwa Marekani, akiwa chini ya mamlaka yake, ni raia.

Miaka 30 baadaye maneno hayo yalijaribiwa na mpishi. Wong Kim Ark alizaliwa San Francisco mwaka 1873 kwa wazazi wa Kichina ambao sheria za siku zile zisingewapa uraia wangeishi huko mpaka kufa. Agosti 1895 alirudi kutoka China alikokwenda kutembea, maofisa wa bandari wakamkatalia kushuka. Akakaa miezi akihamishwa kutoka meli moja hadi nyingine, mji aliozaliwa ukiwa mbele ya macho yake. Machi 1898 Mahakama ya Juu, kwa majaji sita dhidi ya wawili, ikamtangaza raia tangu kuzaliwa, na Jaji Horace Gray akaandika hukumu ndefu iliyoanzia kwa Calvin kuja mbele.

Kwangu mimi ukurasa wenye mafunzo zaidi uko katika hukumu pinzani. Jaji Mkuu Melville Fuller alilalamika kwamba kwa hesabu hiyo mtoto wa wageni wanaopita njia, awe wa rangi gani au taifa gani, ataweza kuwa rais akizaliwa Marekani, na mtoto wa Wamarekani akizaliwa ugenini hataweza. Alisema hayo kwa kukerwa. Lakini maana yake ni kwamba hata aliyeshindwa alielewa walioshinda wameamua nini kuhusu urais.

Kwa hiyo aliyezaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961, baba Mjaluo wa Alego na mama wa Kansas, ni raia wa kuzaliwa hata kama baba hakuwahi kuwa raia wa Marekani siku moja. Mahakama ya Rufani ya Indiana ilitamka hivyo waziwazi mwaka 2009. Wala hakuwa wa kwanza. Baba yake Chester Arthur, rais wa 21, alitoka Ireland na kupata uraia mwaka 1843, mwanawe aliyezaliwa Vermont akiwa na miaka 13. Arthur naye alizushiwa kwamba amezaliwa Kanada. Mtindo huu ni wa zamani.

Penye giza ni kwa mtoto wa Wamarekani anayezaliwa nje. Mwaka 1790 bunge la kwanza, ambalo baadhi ya wajumbe wake walikuwapo Philadelphia, lilitunga sheria kwamba watoto wa raia wanaozaliwa ng'ambo wahesabiwe kuwa raia wa kuzaliwa, ila uraia usiwashukie wale ambao baba zao hawakuwahi kuishi Marekani. Mwaka 1795 sheria ikaandikwa upya, na safari hii watoto hao wakaitwa raia tu. Wanasheria wamegombania mabadiliko hayo kwa zaidi ya karne mbili. Wengine, akiwemo Mary Brigid McManamon wa Chuo Kikuu cha Widener, wanasema uraia unaotolewa na sheria ya bunge ni uraia wa kupewa, hata ukitolewa dakika ileile mtoto anapolia. Neal Katyal na Paul Clement, mmoja aliyeitetea serikali ya Obama mbele ya Mahakama ya Juu na mwingine ile ya George W. Bush, waliandika pamoja mwaka 2015 kwamba yeyote aliye raia tangu kuzaliwa, asiyehitaji kuomba uraia baadaye, ametimiza sharti.

Naegemea upande wa hao wawili. Bunge la Uingereza lilikuwa likiwahesabu watoto wa namna hiyo kuwa wazaliwa kwa sheria mbalimbali tangu karne ya 14, na waasisi walilijua hilo. Lakini hoja ya McManamon siyo porojo, na McCain alikuwa ndani yake hadi shingoni.

McCain alizaliwa Agosti 1936 katika kituo cha jeshi la majini cha Coco Solo, eneo la Mfereji wa Panama, wazazi wote wawili wakiwa Wamarekani. Utadhani hapo hakuna mjadala. Sheria ya wakati huo, hata hivyo, iliwapa uraia watoto wa raia waliozaliwa nje ya mipaka na nje ya mamlaka ya Marekani. Eneo la Mfereji lilikuwa nje ya mipaka, lakini ndani ya mamlaka. Halikuwa Marekani kiasi cha kumpa mtoto uraia wa ardhi, wala halikuwa ugenini kiasi cha kumpa ule wa wazazi. Agosti 1937 bunge likaziba pengo kwa sheria iliyorudi nyuma mpaka mwaka 1904. Profesa Gabriel Chin aliandika mwaka 2008 kwamba McCain alichelewa kupata uraia kwa miezi 11, na sheria inayokupa uraia ukiwa unatambaa haiwezi kukufanya raia wa kuzaliwa. Mtu anaweza kumpinga Chin, na wengi walimpinga, ila lazima akae chini asome vifungu.

Seneti haikusoma kwa muda mrefu. Aprili 2008 ilipitisha azimio, bila hata mmoja kupinga, kwamba McCain ni raia wa kuzaliwa. Miongoni mwa waliolidhamini azimio hilo walikuwa wapinzani wake, Hillary Clinton na Barack Obama. Azimio la namna hiyo halina nguvu ya sheria, lakini lilitosha kuwanyamazisha watu.

Kisa cha Cruz kina kejeli yake. Alizaliwa Calgary, Kanada, mwaka 1970, mama Mmarekani na baba Mkuba, na alikuwa raia wa Kanada mpaka alipoukana uraia huo mwaka 2014. Kwa miaka alihubiri kwamba Katiba isomwe kwa maana iliyokuwa nayo mwaka 1787. Sasa mwaka 1787, na kwa muda mrefu baadaye, mtoto wa ng'ambo alirithi uraia kwa baba. Mama aliruhusiwa kurithisha mwaka 1934. Laurence Tribe wa Harvard, aliyewahi kumfundisha Cruz, alimkumbusha jambo hilo mapema mwaka 2016: kwa kipimo chake mwenyewe Cruz alikuwa na mashaka, na kwa kipimo cha majaji wa kiliberali aliowabeza alikuwa salama. Mahakama moja ya Pennsylvania ilimkubali akaendelea na kura za mchujo.

Hapa nirudi Mombasa kidogo, maana wapiga kelele walikuwa sahihi juu ya jambo moja bila wengi wao kujua kwa nini. Sheria iliyotumika mwaka 1961 ilisema mtoto akizaliwa nje na mzazi mmoja tu ndiye Mmarekani, mzazi huyo lazima awe ameishi Marekani miaka kumi, na mitano kati ya hiyo iwe baada ya kutimiza miaka 14. Fanya hesabu: anayeweza kutimiza hilo lazima awe na miaka 19. Ann Dunham, mama yake Obama, alikuwa na miaka 18. Angejifungulia Mombasa, mwanawe asingekuwa raia wa Marekani siku hiyo hata kidogo, achilia mbali raia wa kuzaliwa. Kwa hiyo suala zima lilikuwa la ushahidi tu: alizaliwa wapi? Na ushahidi ulikuwapo tangu Agosti 1961, rejista ya Hawaii pamoja na matangazo ya uzazi katika magazeti mawili ya Honolulu.

Kenya nayo ilimhesabu kwa muda. Katiba ya uhuru ilimpa uraia kupitia baba yake Desemba 1963, ukakoma alipofikisha miaka 23 kwa kuwa nchi haikuruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Hilo halikumpunguzia chochote Marekani, ambako uraia wa kuzaliwa hauondolewi na mapenzi ya nchi nyingine.

Kwa nini basi Mahakama ya Juu haijawahi kusema neno la mwisho kuhusu wazaliwa wa nje? Kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kuiuliza. Mpiga kura akishtaki, anaambiwa madhara anayolalamikia ni ya kila mtu, kwa hiyo si yake. Ndivyo ilivyotupwa kesi ya New Hampshire dhidi ya McCain mwaka 2008, na ndivyo ilivyotupwa ya Pennsylvania dhidi ya Obama mwaka huohuo. Majimbo yana nafasi zaidi: Neil Gorsuch, kabla hajafika Mahakama ya Juu, aliandika mwaka 2012 kwamba Colorado ilikuwa na haki ya kukataa kuliweka kwenye karatasi ya kura jina la mwanasheria mzaliwa wa Guyana aliyepata uraia baadaye. Ila huyo alikubali mwenyewe kwamba hakuzaliwa raia. Kazi ngumu imeachiwa vyama, wapiga kura na bunge linapohesabu kura za wajumbe. Hao wote hawaongozwi na Blackstone. Sharti lisilo na mwamuzi hutumika kwa anayeonekana mgeni, na sura na jina ndivyo vinavyoamua nani aonekane hivyo. Ndiyo maana mwaka 2020 Kamala Harris, mzaliwa wa Oakland, aliandikiwa makala ya kumhoji kwa sababu ya mama Mhindi na baba Mjamaika, wakati suala la mtu kama yeye lilifungwa na hukumu ya 1898.

Nchi zetu zimeandika masharti yao kwa uwazi zaidi, na uwazi huo una gharama zake. Katiba ya Tanzania, ibara ya 39, inataka rais awe raia wa kuzaliwa kwa mujibu wa Sheria ya Uraia, na sheria hiyo ya 1995 inatofautisha uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajinisi. Anayezaliwa nje ya nchi na wazazi Watanzania huangukia kwenye kurithi. Kwa maandishi hayo, mtoto wa Wasukuma wawili aliyezaliwa London baba akiwa masomoni hawezi kuwa rais, jambo ambalo sidhani kama watunga sheria walilikusudia. Kenya ilikwenda upande wa pili kabisa. Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010 inasema raia wa kuzaliwa ni yule ambaye baba au mama yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au asizaliwe, na kanuni hiyo inawagusa hata waliozaliwa kabla ya Katiba. Ukiisoma kwa moyo mkunjufu, Obama anaweza kuomba kurudishiwa uraia wake na kuhesabiwa wa kuzaliwa. Kitakachomkwamisha asigombee Nairobi ni utii wake kwa taifa jingine.

Kongo inaonyesha sharti hili likigeuzwa silaha mchana kweupe. Katiba ya 2006 inataka rais awe Mkongo wa asili, na mwaka 2021 ukapelekwa bungeni muswada uliobuniwa na Noël Tshiani, uliotaka baba na mama wote wawe Wakongo. Kila mtu Lubumbashi alijua unamlenga nani: Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, ambaye baba yake alikuwa Myahudi wa Ugiriki. Tofauti na Marekani, Kongo ina mahakama inayopokea swali. Tshiani alilipeleka Mahakama ya Katiba, na Oktoba 2023 likatupwa, Katumbi akagombea.

Marekani kwenyewe wamejaribu kuliondoa sharti. Mwaka 2003 Seneta Orrin Hatch alipendekeza marekebisho ya kumruhusu aliyekuwa raia kwa miaka 20, na kila mtu akamwona Arnold Schwarzenegger nyuma ya pendekezo. Marekebisho yanahitaji theluthi mbili ya kila baraza la bunge na majimbo 38. Hayakufika popote.

Mapambano yamehamia kwenye Marekebisho ya 14 yenyewe. Tarehe 20 Januari 2025 Trump alitia sahihi amri ya kuwanyima uraia watoto watakaozaliwa Marekani ikiwa mama hana kibali, au yupo kwa viza ya muda kama ya masomo au kazi, na baba si raia wala mkazi wa kudumu. Mahakama za chini ziliizuia, na Desemba 2025 Mahakama ya Juu ikakubali kulisikiliza suala lenyewe. Hoja inayopiganiwa ni ileile iliyomweka Wong melini: nani yuko chini ya mamlaka ya Marekani. Wachache wanataja kwamba inabeba pia urais. Mkenya anayesomea uzamili Texas, mkewe akijifungua huko wote wakiwa na viza, kwa hukumu ya 1898 amezaa mtoto anayeweza kugombea akifika miaka 35. Kwa hesabu ya amri ile amezaa mgeni, na hata mgeni huyo akija kupewa uraia akiwa na miaka miwili, urais hataupata tena, maana uraia wa kupewa hauna njia ya kugeuzwa kuwa wa kuzaliwa.